Ndege na Mimi, Nani Mwanao?

Mpendwa Mshauri,

Naomba unijibu kabla Jumatatu haijafika, kwa sababu Jumatatu anakuja yule bwana wa kukagua ndege na mimi mpaka sasa sijui siku hiyo nitaamka mtu mwema au mwongo. Mimi ni mjane, naishi peke yangu huku kwenye matuta ya mchanga katikati ya Florida, mume wangu Harlan alifariki akaniachia nyumba, na shamba la michungwa pale mbele barabarani ambalo ugonjwa uliliua lote ila miti mikavu bado imesimama kwa mstari kama alivyoipanda, na nyuma ya nyumba kipande cha vichaka vya mialoni mifupi, ile isiyompita mtu kimo, na humo ndimo wanamoishi wale kunguru wa buluu ambao serikali inawalinda kwa kuwa wamebaki wachache na nje ya Florida hawapo.

Harlan aliwapenda jamani! Kila asubuhi alitoka na kahawa mkono mmoja na karanga mkono mwingine, wanatua kichwani mwake, wanapokezana, mmoja anakula na mwenzake yuko juu ya tawi analinda mwewe asije, na Harlan alizoea kusema, "Oleta, tazama, watoto wa hawa wakikua hawakimbilii Ohio, wanabaki kuwasaidia wazazi kulea wadogo zao," basi tunacheka, ila mimi nacheka na moyo unauma, maana binti yetu wa pekee Corliss yuko Ohio, mbali kaskazini, tangu amalize shule.

Sasa Corliss anataka kurudi. Mshauri, neno hilo nimelingoja mpaka nimezeeka. Anataka kujenga kule nyuma vichakani, aje na wajukuu zangu ambao nawajua kwa simu kuliko kwa kuwashika, na mimi nimeshawaona watakavyokatiza uani bila viatu kuja kula mkate wa mahindi kwangu, nimeshausikia kabisa mlango wangu ukibamizwa. Lakini kaunti haitoi kibali mpaka mtaalamu aje asubuhi kadhaa, apite vichakani akipiga sauti ya ndege hao kwenye spika, na wakiitika tu, ujenzi unaweza kukwama. Nikamwambia Corliss ndege wapo. Akasema, "Si wanakufuata wewe na karanga zako, Mama? Siku hizo wamwagie karanga mbali na vichaka, kule upande wa kanisani, washibe huko huko, na huyo bwana apige spika yake mpaka betri imwishie." Nikamwambia, mwanangu, huo si uongo? Akasema polepole, "Mama, ndege na mimi, nani mwanao?"

Karanga nimeshanunua, mfuko mzima uko mezani. Najua ni vibaya. Lakini nyumba hii ina kimya, Mshauri, jioni nawasha redio si kwa kusikiliza, ni ili mtu aongee humu ndani. Nikiwaficha ndege nampata mwanangu, nikisema kweli nampoteza. Nifanyeje?

Oleta, mjane wa Harlan

JIBU

Oleta dada yangu, pole. Pole ya kweli, maana kumlilia mtoto aliye hai kunachosha. Nikishakupa pole, sasa kaa vizuri, nina maneno nawe.

Huo mfuko uondoe mezani leo. Sheria inakataza kuwalisha ndege hao, na ina sababu: karanga zinawafanya watage mapema, makinda yanaanguliwa wakati viwavi vya kuyalisha bado havipo, yanakufa. Harlan hakujua. Wewe sasa umejua. Halafu hebu niambie, hila yako ikifaulu, tingatinga likaingia, unadhani ndege hao watakwenda kupanga chumba mjini? Akiba yao ya mbegu za mwaloni wameifukia hapo hapo mchangani. Siku wajukuu watakapokuuliza, "Bibi, ndege wa babu wako wapi?" utawajibu nini?

Umenikasirisha zaidi kwa jambo jingine, kwa kuwa dawa umeiandika mwenyewe ukaipita mbio. Shamba la michungwa! Liko mbele, liko barabarani, limelimwa miaka nenda rudi, kichaka hakuna. Kwa nini Corliss asijenge pale? Usinijibu, najua. Miti ile aliipanda Harlan na wewe hutaki iguswe hata tawi. Huku kwetu ugonjwa huo tunao wengi, kila barabara ina shamba la michungwa mikavu na mwenyewe hana moyo wa kung'oa. Lakini Oleta wee, unawafukuza walio hai ili uilinde miti iliyokufa? Harlan alipanda michungwa ili mtoto wake ale. Ndege ndio aliokuwa akiwaamkia kila siku.

Fanya hivi. Jumatatu mkaribishe yule bwana, mpe chai ya baridi, mwonyeshe ndege wote, usifiche hata mmoja. Muulize yeye, uwaulize na watu wa kaunti, nyumba ikikaa kwenye michungwa itahitaji nini. Huenda yakawepo masharti, huenda mkacheleweshwa. Mimi si kaunti, sikuahidi kitu. Kisha mpigie binti yako, bila lawama na bila kilio. Mwambie, "Ndege wapo, nimewaonyesha. Michungwa ya baba yako naing'oa, pale ni pako. Na mpaka nyumba iishe, chumba chako cha zamani kina kitanda." Halafu nyamaza, hata kimya kikikuchoma.

Na lile swali lake usiliache likining'inia, ameliuliza kwa uchungu. Mwambie, "Ni wewe." Atakuja. Na asipokuja, dada yangu, ujue si ndege waliomzuia.