Kompyuta ya Baba Haikuzimwa

Leeds

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Nyeri? Natumai Salim anakuwashia jiko kabla hajaenda dukani. Mimi ni mzima, ila sabuni za hapa kazini zimenipasua mikono, na nakumbuka yale mafuta ya mgando uliyotupaka kila asubuhi.

Ndugu yangu Salim ameniambia kwa simu kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu atapita Majengo kuchukua kompyuta ya Baba. Nikamwomba angoje. Akacheka: "Dada, hiyo kitu ilikufa kitambo. Ama unataka tuifanyie matanga?" Mama, tafadhali usikubali itoke nyumbani.

Mzee ninayemtunza hapa ana mashine kama ile, kompyuta ya zamani iliyo kibodi nene tu, isiyo na kioo chake. Jumapili mwanawe alikuja akaichomeka kwenye runinga mpya. Kwa ujuaji wangu nikamwambia asijisumbue, haitashika, kwetu analogi ilishazimwa. Alichukua rimoti, akaacha kutafuta stesheni za kidijitali, akachagua analogi na kuanza kutafuta kwa mkono, polepole. Chenga tupu kwenye kioo, chenga tena, halafu maandishi yakatokea. Kumbe mashine ile haingoji kitu kutoka hewani. Inatuma picha yake yenyewe kwenye runinga kupitia waya wa antena. Iliyozimwa ni minara, Mama.

Nililia palepale mpaka mzee akanipa leso yake.

Unakumbuka ving'amuzi vilipoingia, mtaa mzima ukang'oa antena? Nasi tukaipandisha kompyuta juu ya kabati. Baba alipoanza kuugua akaiomba. Salim akaichomeka, akaiacha runinga itafute yenyewe, ikasema hakuna mawimbi. Wewe mwenyewe ulinisimulia alivyosema: "Basi, wamezima hata yangu." Hakuiomba tena. Mtu aliyetufundisha hesabu kwa mashine ile kila Ijumaa baada ya swala ameondoka akidhani serikali imemzimia. Hilo linaniuma hata kuliko kukosa maziko yake. Simlaumu Salim, maana hata mimi ningesema vilevile. Lakini ilikuwa kazi ya kubonyeza rimoti tu, na Baba alikuwa amekaa hapo hapo kwenye kochi.

Mwambie Salim nitampigia tuitafute picha pamoja, asiniletee utani wake.

Nisalimie shangazi yetu wa Nanyuki anayeuza mbuzi, mke wa Salim na watoto wao, na jirani yako wa kibanda cha mboga ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii.

Nilikuwa nafunga barua, nikakumbuka kaseti ambazo Baba alihifadhia programu za kompyuta ile. Ziko kwenye mkebe wa biskuti; nazo zisichukuliwe. Mwana wa mzee alipocheza ya kwao, kabla ya ile milio ya kukwaruza ilisikika sauti ya babake akitaja jina la programu. Baba yetu naye alirekodi hivyo, ili asichanganye kaseti za watoto. Kwa hiyo usingoje runinga. Weka moja ya zangu kwenye redio yako ya kaseti, ukae chini kwanza. Utamsikia akisema, "Hii ni ya Zuhura, ya kujumlisha." Kelele zikianza, rudisha nyuma umsikie tena.

Binti yako akupendaye,
Zuhura