Mwanya Nilioziba

Jumatatu, 4 Machi 2019

Meno yangu yametimiza wiki. Vigamba sita vya kauri, vimegandishwa juu ya meno ya mbele — mwanya umezibwa. Najitazama kwenye kila kioo cha saluni mpaka wateja wananicheka. Daktari Opoka kanipa karatasi ya masharti: nyama niikate vipande vidogo, muwa na mahindi ya kuchoma nising'ate, chai nzito nipunguze, mswaki uwe laini, uzi wa meno kila jioni. Na nisikate rasta kwa meno! Hapo alinipata. Miaka tisa nasuka nywele hapa mtaani Wandegeya, mkasi wangu ni mdomo. Leo nimejisahau mara mbili.

Keshokutwa kaka Tresor anamleta mama kutoka Bukavu, aje kuishi nami. Miaka saba sijamwona. Tresor anasema anasahausahau siku hizi, ila jina langu analitaja kila siku. Nimefua mashuka. Naogopa kidogo, sijui kwa nini.

Jumatano, 6 Machi

Mama amefika. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimkimbilia pale stendi nikicheka. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanitazama mdomoni. Kisha akaniachia, akamgeukia Tresor. "Huyu njo nani? Malu iko wapi?"

Tresor akamwambia Malu ndiye huyu. Mama akajibu kwa upole kabisa kwamba Malu ana mwanya, kama yeye, kama marehemu bibi. Nikafunga mdomo.

Kwetu mtoto akiota meno ya ukubwani, bibi ndiye anayeyaangalia kwanza. Mwanya wangu ulipoonekana nilichinjiwa kuku, paja likawa langu peke yangu. Hayo yote yalikuwa wapi nilipokaa kwenye kiti cha daktari? Hakuna aliyenilazimisha. Wanafunzi wa chuo wanakuja kusuka na meno yao yamepangika, nikauona mwanya wangu wa kishamba. Basi.

Ijumaa, 8 Machi

Tresor karudi Bukavu. Mama ananiita mademoiselle, kama msichana wa watu. Ananishukuru kwa kila sahani, kama mgeni anayeogopa kuwachosha wenyeji. Nimemwonyesha kovu la goti. Akasema pole, Malu wake naye aliwahi kuanguka hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Kaltumi, jirani yangu Mnubi, kaleta chai ya tangawizi. Nimemwambia yote. Kasema, "Wewe wacha kubishana na yeye. Kaa tu karibu." Nimekaa karibu. Mikono yetu ilikuwa kwenye sahani moja, ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, chakula laini, hata daktari angefurahi.

Baadaye mama akafungua mzigo wake. Ndani kuna mfuko wa mahindi makavu ya kukaanga, yale niliyokuwa nayatafuna utotoni mpaka majirani wanasikia. Kayabeba siku mbili barabarani. Nikanyoosha mkono. Akauvuta mfuko kifuani. "Usiguse, mademoiselle. Ile ni ya Malu." Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda kwa Daktari Opoka. Nimemwomba avibandue vigamba. Akanieleza polepole: meno yangu yaliyo chini yake yameparwa, hayawezi kuachwa wazi, yatauma. Anaweza kutengeneza vingine vyenye mwanya, lakini ni wiki kadhaa. Halafu akauliza, kwa adabu tu, je, mama akiuona mwanya na bado asinijue?

Nikafungua mdomo tena. Akaangalia fizi zangu, akanisifu. Safi, hazitoki damu, ninavitunza vizuri mno. Nikalia palepale, mdomo wazi, taa yake inanimulika. Nikamwambia aanze kazi ya vipya.

Alhamisi, 14 Machi

Mama hakula. Anasema atamsubiri Malu.

Jumamosi, 16 Machi

Sikwenda saluni. Tangu asubuhi mama amevaa kitenge chake cha kanisani na kujifunga kilemba. Leo Malu anakuja, anasema ana hakika. Amesogeza kiti hadi mlangoni. Kila anayepita uchochoroni, mama anamchungulia, kwanza usoni, halafu mdomoni. Wengine wanamsalimia. Anawajibu vizuri, anarudi kukaa.

Saa sita nikashindwa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, mama, ni mimi, nilikwenda kwa daktari, nilifanya ujinga. Nikamtajia jina la baba, la bibi, la mtaa wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani amenijua. Kisha akaniwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama anavyonyamazishwa mtoto wa watu.

"Nyamaza kidogo, mademoiselle. Niko nasikiliza kama Malu anafika."

Naandika hapa sakafuni, hatua mbili nyuma yake. Kuna mtu anapanda uchochoroni na mama ameshasimama.