Zebaki Mikononi mwa Auntie Seline

Jumanne, 7 Aprili 2026

Hili sijawahi kumwambia mtu: Auntie Seline ana mimba. Ni mimi tu ninayejua, kwa sababu nilimkuta akitapika nyuma ya bafu. Akaniapisha. Kwetu mimba changa haitajwi, inangojewa ionekane yenyewe. Hata Mama, dada yake, hajui.

Leo nimempelekea lunch kazini, kwenye kliniki ya meno huku mtaani Pioneer. Nikamkuta akichanganya dawa ya kujaza jino. Anamwaga zebaki kwenye kinu kidogo cha kioo, anaisaga na unga wa fedha, kisha anaikamua ndani ya kitambaa—kwa vidole, glavu nyembamba tu!

Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda.

Jumatano, 8 Aprili

Library mchana kutwa. Dunia nzima inapunguza zebaki kwenye meno. Nchi zimekubaliana, Kenya imo. Wanashauri mjamzito asijazwe nayo, sumu yake humfikia mtoto tumboni. Sawa—na mjamzito anayeichanganya? Kurasa zote nilizosoma zimemruka!

Jioni nikamwambia Auntie. Akacheka. "Professor wangu, si navaa glavu?" Nikasema mvuke haujali glavu, unapitia puani. Akasema ameshika mercury tangu nikiwa nursery. Basi mwambie daktari akupe kazi nyingine, nikasema. Akaacha kucheka.

"Nikimwambia Daktari Murunga leo, kesho Pioneer yote inajua. Na hii mimba ikitoka? Wewe ndio utajibu watu?"

Nikakusanya vyombo, nikaenda kuosha.

Ijumaa, 10 Aprili

Majibu yangu mazuri yote huja nikiwa peke yangu, naosha vyombo.

Jumamosi, 11 Aprili

Jino langu la nyuma lina tundu. Mama akakubali nikajazwe. Nilipanga kuomba ile dawa nyeupe, isiyo na zebaki. Angalau jino moja Auntie asiichanganye.

Daktari Murunga si mtu mbaya. Alisema nyeupe anayo, lakini jino la kutafuna linataka ya fedha. "Hii utazeeka nayo." Kisha: "Seline, changanya."

Auntie akashika kichupa cha zebaki, akafungua kifuniko. Nilitaka kusema. Lakini siri si yangu. Nikafunga mdomo.

"Fungua, msichana."

Sikufungua. Akanigusa midomo kwa kile kioo chake kidogo cha kutazamia meno. Nikakaza meno mpaka taya likauma.

"Seline, huyu mtoto wenu ana nini?"

Auntie alisimama tu, kichupa mkononi, akiniomba kwa macho. Nikamtikisia kichwa. Nje mtu alikohoa, zamu yake inachelewa.

Daktari akaweka vyombo chini. Akatazama kichupa. Akamtazama Auntie, kisha tumbo lake.

"Seline?" Polepole hivi.

Nikashuka kwenye kiti. Nikachukua kichupa mkononi mwa Auntie, nikakifunga, nikakiweka mezani. Kisha nikatoka, nikawaachia wao maneno, nikavuta mlango nyuma yangu, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine.