Mama, Mchukue Khamis

Mama yangu mpenzi, uliye Unguja,

Jana kwenye simu uliniuliza, nikanyamaza mpaka ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya pazia la chumba cha wageni hapa Ibra, kwa mdogo wako Khalti Rayya, simu nimeibana sikioni na neno halitoki. Unanijua. Shuleni naandika kurasa nzima, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, lakini mtu akinisubiri nijibu, nakauka. Basi nakujibu kwa maandishi, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaenda mahakamani Jumatatu.

Ulisema: "Yule mtoto wa kike niliyemfuata nije nimlee, mjomba wake keshamchukua. Lakini kuna mvulana hapa kwenye nyumba ya mayatima, Khamis, ana mwaka na nusu, kaning'ang'ania baibui hataki kuniachia. Ila mvulana atakua, mwanangu. Akibaleghe, wewe utajitanda mtandio ndani ya nyumba yako mwenyewe, na mimi pia. Nikatae?"

Nikwambie kweli? Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa mtandio. Niliwaza kochi letu la nyumbani Nizwa, pale ubavuni pako ninapokaa, nikaona ni padogo. Niliwaza hivyo kwa muda, kisha nikakumbuka Tanuf.

Nilikuwa bado mdogo. Tulikuwa tunatoka Bahla kununua mtungi, gari likachemka karibu na Tanuf, ukaliegesha kwenye kivuli, ukafungua boneti, tukakaa chini kungoja lipoe. Wiki ile mwenzangu darasani alikuwa ameniuliza mbona jina langu linaishia kwa Abdullah tu, halina kabila. Nilingoja mpaka siku ile, nikakuuliza wewe, huku nimeutazama mtungi.

"Kabila sikuweza kukupa," ukasema. "Dini hainiruhusu nikuite kwa baba asiye wako. Nikatafuta ninachoweza kukupa."

Ndipo ukanihadithia kwamba nilipokuja mikononi mwako nilikuwa na wiki chache tu, na wewe huna mume wala maziwa. Ukanileta huku Ibra kwa Khalti, aliyekuwa akimnyonyesha Said. Ukaniweka mapajani mwake. Nilinyonya mpaka nikalala na ziwa mdomoni. Toka hapo Khalti akawa mama yangu wa kunyonya, Said akawa kaka yangu, na kaka zako wakawa wajomba zangu wa halali. "Sasa nani atakwambia wewe si wetu?" ukaniuliza, ukanipa maji ya chupa, yaliyobaki ukayamwagia rejeta.

Ndiyo maana Said mpaka leo ananinyang'anya mkate nikiwa kichwa wazi na hapana anayeshtuka.

Khamis naye hajatimiza miaka miwili, bado yumo katika umri ambao ziwa hufanya undugu. Akinyonya kwa Khalti, atakuwa ndugu yangu wa ziwa moja, na kwako atakuwa mtoto wa mdogo wako. Hapana mtandio wala pazia. Unalijua hilo kuliko mimi, lakini hukulitaja, na najua kwa nini. Kabla hujasafiri nilikusikia ukimwambia bibi: "Rayya nilishamwomba mara moja. Uso wa kumwomba tena sina." Na wiki hii Khalti ameanza kumwachisha ziwa Shamsa wake.

Basi leo asubuhi nilikwenda mimi. Nilimkuta jikoni anakoroga shubiri kwenye kibakuli, ya kujipaka ili mtoto aone uchungu aache.

"Shikamoo, Khalti."

"Marahaba. Si umeshaniamkia? Sasa wataka nini?"

Nikavitazama vidole vyangu vya miguu.

"Sema basi, bi harusi."

"Hiyo shubiri, Khalti. Usiipake."

"Kisa? Huyu Shamsa ana meno kama paka! Mwili wangu nao unataka kupumzika."

Nikasema yote kwa pumzi moja: Khamis, baibui lako, mtandio, miaka miwili. Nilikuwa nalisemesha sinki. Nilipomaliza, Khalti akaacha kukoroga.

"Mama yako kakutuma?"

"Hapana, wallahi. Hajui. Anasema hana uso wa kukuomba."

"Hana uso!" Khalti akaweka mikono kiunoni. "Dada yangu huyo! Siku aliyokuja na wewe umefungwa kwenye kanga, alinigongea mlango kabla ya alfajiri. Uso ule kauweka wapi?"

Akaimwaga shubiri, akasuuza kibakuli. Kisha akaita: "Shamsa! Njoo, mchawi mdogo, umeongezewa siku." Akamtia ziwani palepale, na akaniambia bila kugeuka: "Mume wangu niachie mimi, nitasema naye. Na huyo Khamis wenu mkubwa, akikataa ziwa nitamkamulia kikombeni. Lakini mwambie mama yako asikae huko anakula urojo. Mimi si ng'ombe."

Said akaingia. "Nani anakuja?"

"Nduguyo," akasema Khalti.

"Mwengine? Huyu mmoja bado hatujamaliza kumlisha."

Nilicheka, mama, kwa sauti, mpaka Shamsa akaacha kunyonya akanitazama.

Wivu bado ninao kidogo, sikufichi, lakini nimeupima na naona nitauweza. Kochi litatutosha. Mtoto asiye na mtu amekushika nguo, na mimi najua ilivyo kushikwa na wewe. Sitaki umbandue vidole kwa ajili yangu. Jina lake usilibadilishe, ni lake. Ukitua Maskati usipitie Nizwa kwanza, njoo moja kwa moja Ibra, Khalti anangoja.

Na Jumatatu, mahakamani wakikuuliza kama huko nyumbani kuna mwengine anayemkubali mtoto huyu, waambie yupo. Lakini usiseme kwa sauti ndogo kama yangu. Sema wasikie mpaka waliokaa nje.

Nakubusu mkono, na yeye mbusu shavu.

Mwanao,
dada yake Khamis