Namba kwenye Vifuniko

Jumatatu, 4 Machi 2024

Wiki ya pili maabara, hapa Kinondoni. Leo nimeandika namba kwenye sahani kumi na mbili za kuvu. Sita zina vinasaba vya kutengeneza sumukuvu, sita hazina. Hizo zisizo na sumu ndizo tunazozipaka kwenye mtama uliokaangwa, mkulima akaumwage shambani, kuvu mwema amfukuze mbaya. Kwa macho hutofautishi – zote kijani tu! Kasimiri, fundi wetu, kanitania: "Sista karani, huu mwandiko au kadi ya harusi?" Nilifurahi, kusema kweli.

Mtama unaenda Nachingwea, kwetu. Mama kajiandikisha. Tangu mahindi yenye sumu yamuue mdogo wangu Venance, kila punje anainusa kabla ya kupika.

Jumanne, 5 Machi 2024

Mungu wangu.

Nimemkuta Kasimiri anafuta unyevu kwenye sahani zangu. Alivua vifuniko vyote, akavipanga kwenye kitambaa, akavirudisha. Hana kosa. Namba huandikwa chini ya sahani, kila mtu maabara anajua. Mimi niliandika kwenye vifuniko. Kule chini, ukitazama kwa juu, zilisomeka kinyume – hazikupendeza!

Nikamuuliza amevirudisha vilevile? "Si nilifuata mstari? Nadhani."

Nadhani.

Nikanyamaza. Bado sijapewa mkataba.

Jumatano, 6 Machi 2024

Mtama umepakwa. Fomu ya mzigo nimejaza mwenyewe. Lori limeondoka mchana.

Ijumaa, 8 Machi 2024

Nimesema. Dokta Salsabil, mkuu wetu, hakufoka. Bora angefoka. Aliuliza nimejua tangu lini. Jumanne, nikasema. Akavua miwani. Kisha akawapigia mabwana shamba wasimamishe ugawaji, akaanzisha kipimo cha vinasaba. Majibu kesho asubuhi. Huenda sahani zilikuwa sawa. Huenda.

"Mama yako mpigie wewe," akaniambia.

Nimempigia saa kumi, maneno nimeyaandika kwenye karatasi nisikosee. Shikamoo, marahaba – na kabla sijaanza, akaanza yeye. Mfuko kaupata jana, wa kwanza kijijini! Leo asubuhi kamwaga shamba zima kwa mkono wake, kisha akaenda kumsaidia jirani yake Yuliana. Sauti ilikuwa nyepesi, sijaisikia hivyo tangu msiba.

"Mwaka huu tutakula bila woga, mwanangu. Kwani vipi, mbona unapiga saa za kazi?"

Karatasi mkononi.

Nikasema nilitaka kumsalimia tu.