Tanzia Juu ya Tangazo la Ndoa

Bertila, acha unachofanya usome. Baltazari, huyu msaidizi wangu wa tovuti, ameniaibisha mbele ya parokia nzima!

Ile tovuti ya parokia niliyoijenga, kichwa kipo kwenye ukurasa mama, na kurasa nyingine zote zinakirithi. Nilimwambia mara tatu: ukitaka kichwa tofauti, kibadilishe kwenye ukurasa husika tu. Ukurasa mama usiuguse.

Akaugusa! Asubuhi kapachika humo "TANZIA: Tumempoteza mpendwa wetu", kwa ajili ya mzee mmoja wa Chanji. Ikatokea kila mahali, hadi juu ya tangazo la ndoa la Raymond na Jenifer, na picha yao wanacheka.

Paroko ananiita mimi, eti niache kazi. Na huyu Baltazari pembeni: "Dada, mbona mimi niliona ukurasa mmoja tu?"

Kwa sababu ulifungua mmoja, bwege wewe!

Nikaihamishia tanzia kwenye ukurasa wake kwa dakika moja, Paroko anatazama. Akamnyang'anya yeye nywila.

Ila kule kijijini Ilemba, kwa ndugu zake Jenifer, walishaisoma. Wanawake wamefika kwa kina Jenifer na unga wa msiba, wanalia tangu njiani.

Aliyewafungulia mlango ni Jenifer.