Bila Mimi, Programu Haina Kosa

Jumamosi, mchana. Joto.

Jua limekaa juu ya bati letu tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Niko kwenye kivuli chembamba kati ya jiko na ukuta, kompyuta ya shule mapajani, na kivuli kikisogea nami nasogea. Lango limefungwa. Tunaishi upande wa Bilpam, karibu na kambi ya jeshi, na Mama hapendi tutoke siku ambayo hakuna shule. Kwa hiyo nimefungiwa mara mbili: nje kuna lango, na ndani ya kompyuta kuna sentensi moja, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe, isiyoniruhusu kupita.

Naandika hapa kwenye blogu kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hakuna anayekisoma vizuri isipokuwa mimi. Nilikipata Eldoret, miaka ile familia yetu ilipokimbia vita, na wengi mnaosoma hapa ni wale niliokaa nao dawati moja. Kwenu naweza kusema.

Mwalimu Barasa, Mkenya anayetufundisha kompyuta, ametupa kazi katika klabu: kila mmoja aandike ukoo kwa lugha ya Prolog, ili programu iweze kujibu nani ni nani wa nani. Prolog haiamrishwi fanya hivi, kisha fanya vile. Unaieleza mambo yaliyo kweli, unaipa kanuni, halafu unaiuliza. Jumatatu tutaonyesha kazi zetu ukumbini mbele ya wazazi. Mwenye kazi bora atapelekwa Nairobi wakati wa likizo, kwenye mafunzo ya waandishi wa programu.

Nataka kwenda. Nimeona haya kulitamka hilo kwa sauti, kwa hiyo naliandika.

Wenzangu walibuni familia ndogo za kwenye karatasi. Mimi niliweka yetu, yote. Mama alinitajia majina huku akichambua mboga, na mimi nikayaingiza. Katika Prolog majina ya watu huanza kwa herufi ndogo. Herufi kubwa huwekewa yule ambaye bado hajajulikana. Nilisita kidogo kabla ya kuandika jina la marehemu baba kwa herufi ndogo. Kisha nikaandika:

baba(majok, abuk).

Abuk ni mimi.

Mwalimu alitufundisha njia mbili za kuikagua programu inapofikiri. Ya kwanza ni ujumbe wa uchunguzi. Unapanda vijisentensi ndani ya programu vinavyosema, sasa natafuta mama wa fulani, sasa nalinganisha miaka. Kila kijisentensi unakipa mada yake. Siku ya kwanza niliwasha mada zote kwa pamoja, na skrini ikawa kama soko la Custom asubuhi, kila mtu anaita na hakuna unayemsikia. Baadaye nikajua kuchagua: washa mada ya ndoa tu, zilizobaki zinyamaze. Zipo, ila hazisemi.

Njia ya pili ni dai. Unaandika jambo ambalo una hakika nalo, kwamba programu ikifika hapa lazima liwe kweli. Likiwa kweli, programu inapita kimya. Likiwa si kweli, mashine inasimama papo hapo, inaonyesha dai lililoanguka kwa maandishi mekundu, na haiendi mbele hata hatua moja. Mwalimu amesema wazi kwamba programu itakayozimiwa madai yake haitapanda ukumbini. "Ukizima dai ndio lipite, umejidanganya mwenyewe," alisema. "Mashine haina hasara."

Ubaoni alituandikia mifano. Mtoto asiwe mkubwa kuliko mama yake. Mtu asiwe babu yake mwenyewe, na hapo tulicheka. Baba awe alikuwa hai mtoto alipotungwa mimba.

Nilinakili yote.

Jana tulijaribu kazi zetu kwenye skrini kubwa. Yangu ilianza vizuri. Ilimpita babu, ikampita baba, ikampita dada yangu mkubwa Ajok. Kisha ikasimama. Maandishi mekundu, na ndani yake jina langu.

Keji anayekaa karibu nami, aliyekulia Uganda, ndiye aliyesema kwanza. "Abuk, mashine inasema wewe hakuna. Wewe bado hakuzaliwa."

Mvulana wa nyuma akauliza kama baba yangu alirudi kutoka kaburini. Darasa likacheka. Keji naye alicheka, halafu akaniona uso, akanishika mkono chini ya meza. "Pole. Mimi nacheza tu."

Mwalimu Barasa hakucheka. Alisogea akasema taratibu, "Kagua miaka yako, mama. Kuna tarakimu umekosea."

Nikajibu, "Ndiyo, mwalimu."

Sikukosea tarakimu. Baba yangu Majok alikufa vitani miaka kadhaa kabla sijazaliwa. Ajok anamkumbuka, alibebwa mabegani kwake. Mimi simkumbuki kwa sababu hatukuwahi kuwa duniani pamoja. Kwetu, sisi Wadinka, mtu akifa akaacha mke, nyumba yake haizimwi. Ndugu yake anaingia, anasimama, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu. Wanaitwa kwa jina lake. Mdogo wake Majok ni Akol, tunayemwita Ammi, yaani baba mdogo. Yeye ndiye aliyesimama. Mimi na mdogo wangu Mabior ni watoto wa Majok. Hilo si siri. Hakuna anayenong'ona. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba sikumbuki kuwahi kuambiwa, na sikujua kwamba linaweza kuangusha kitu chochote mpaka jana.

Tangu asubuhi nimekuwa nikijaribu milango.

Naweza kubadilisha mwaka wa kufa kwa Baba. Tarakimu moja tu, na mashine itaniruhusu. Niliiandika, nikaitazama, nikaifuta. Naweza kuandika kwamba baba yangu na wa Mabior ni Akol. Hiyo ingemfurahisha Mwalimu Barasa, lakini ingemwacha Majok na mtoto mmoja tu, na kwetu huko ndiko kumuua mtu mara ya pili. Naweza kulifuta dai. Lakini dai lilelile linalonikamata mimi ndilo linalokamata makosa ya kweli, na bila hilo sitajua kama programu yangu inajua inachosema.

Kuna mlango wa nne. Nilijifuta. Nikafuta mstari wangu na wa Mabior, nikaendesha tena.

Ikapita kimya mpaka mwisho.

Nilikaa nikiitazama ile skrini safi. Familia nzima, kizazi baada ya kizazi, hakuna hata neno moja jekundu. Kumbe ilikuwa kamilifu bila mimi. Nakiri kwamba nilifikiria kuiacha hivyo. Nani ukumbini angejua? Ningeshinda, ningekwenda Nairobi, na ningekwenda kwa kazi inayosema kwamba sipo.

Sikuihifadhi. Lakini pia sikurudisha mistari ile. Nilikaa tu, jasho likinitoka, nikisikia Mama akisonga asida, ugali wetu, jikoni.

Ammi akarudi kula. Anauza vipuri vya jenereta Custom, na mikono yake haitakati hata siku ya kanisa. Alijimwagia maji kichwani, akaja kuchungulia begani kwangu.

"Ya bit," akasema, ndivyo anavyoniita tangu mdogo, msichana wewe. "Umeitazama hiyo kompyuta tangu asubuhi. Imekuposa?"

"Bado, Ammi."

"Ikiposa, iambie sisi tunataka ng'ombe. Hatupokei betri."

Akachuchumaa. Akataka kujua yeye yuko wapi humo. Nilirudisha mistari yote, nikaandika swali kabla sijafikiri: Akol ni baba wa nani? Mashine ikajibu kwa neno moja la Kiingereza, na Ammi anasoma Kiingereza.

"False," akasoma. "Imejibu sawa. Mimi sina mtoto humo. Watoto ni wa Majok." Alilisema kama mtu anayetaja mtaa anakoishi. Kisha akaongeza, "Ila iulize ni watoto wa nani wanaomaliza sabuni yangu."

Nilicheka, halafu kicheko kikanigeukia, nikamweleza yote. Dai, maandishi mekundu, jina langu, darasa.

"Walicheka?"

Niliinamia kibodi.

"Huyo mwalimu ni wa wapi?"

"Kenya."

"Kenya wanaume hawafi wakaacha wake?" Hakungoja jibu. Aliokota kijiti, akachora chora vumbini. "Usiandike kwamba mimi ni baba yako. Nitakapomfikia kaka yangu nitamwambia nini? Na mwaka aliokufa usiuguse. Sisi tulilia mwaka ule, hatukulia mwingine."

Akaenda kula. Nikabaki pale. Milango miwili ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa kuipita, yeye alikuwa amekuja kuitia komeo.

Nililia kidogo. Si sana, kwa sababu skrini ya shule haitaki maji.

Halafu nikalisoma lile dai upya, polepole, kama tulivyofundishwa kusoma swali la mtihani. Baba awe alikuwa hai mtoto alipotungwa mimba. Nani amedai? Mashine haijadai kitu. Haijui kufa wala kuzaliwa. Mwalimu alitoa mfano tu wa kweli anayoijua yeye. Aliyeliandika humu ni mimi. Nilitia sahihi jambo ambalo kila siku, kwa kuamka na kunywa chai, nalipinga.

Dai likianguka, si lazima data ndiyo iwe na kosa. Huenda mdai hakuwa ameitazama nyumba yake.

Nikaandika mstari mpya: amesimama(akol, majok). Nani amesimama, mahali pa nani; na mwaka aliosimama nikauandika mstari wa pili. Kisha nikaandika dai upya: mtoto anapotungwa mimba, ama baba yake yu hai, ama kuna ndugu aliyesimama mahali pake. Niliogopa kwamba nimelilegeza mno, kwamba sasa litapitisha uongo wowote. Nikaliendesha.

Likasimama. Lakini si kwangu. Lilisimama kwa shangazi mmoja wa upande wa babu, niliyemwongeza muda si mrefu Mama alipomkumbuka, na ambaye kweli nilikuwa nimemkosea mwaka. Mama akanisahihisha kutoka jikoni. Nikaendesha tena, ikampita Ajok, ikanipita mimi, ikampita Mabior, ikafika mwisho.

Sikupiga kelele. Niliweka kiganja juu ya kibodi tu, ilikuwa na joto kama mnyama.

Likabaki jambo moja. Mwalimu akiuliza nimepitaje, programu lazima iweze kueleza. Kwa hiyo nilipanda ujumbe wa uchunguzi mahali pale, na mada yake nikaiita "nyumbani". Nikauacha umezimwa. Ukumbi mzima utaona ukoo wetu bila kuona kijisentensi hicho, mpaka mtu aulize na mimi nikubali kukiwasha. Hata sisi hapa ndani ndivyo tunavyoishi. Jambo lipo, linafanya kazi yake kila siku, na halisemwi ovyo.

Ammi alipomaliza kula nilimwita. Nilimwambia sikumwandika kuwa baba, na mwaka sikuugusa, lakini nimeandika kitu kingine, na sitakipeleka shuleni asipokubali.

"Kiwashe nikione."

Nikawasha. Ukatokea mstari mmoja: akol amesimama mahali pa majok, kwa abuk, kwa mabior.

Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo alikwenda neno kwa neno, kidole chenye grisi kikifuata karibu na kioo bila kukigusa. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Zima," akasema.

Nikazima. Nilijua sitabishana naye, na nilijua sina mlango mwingine.

Alisimama, akavaa viatu, akaenda mpaka langoni. Pale akageuka.

"Hiyo Jumatatu ni saa ngapi?"

"Saa nne, Ammi."

"Mlinzi wa shule atauliza mimi ni nani wako."

Alikuwa akinitazama kweli, kama anayehitaji kuambiwa.

"Mwambie umesimama mahali pa baba," nikasema.

Aliitikia kidogo kwa kichwa, akafungua lango akarudi Custom. Mama akalifunga nyuma yake.

Kwa hiyo bado niko ndani. Kivuli kimefika ukutani na hakina pa kusogea tena. Sijui kama wazazi watacheka, sijui kama Mwalimu Barasa ataita kazi yangu bora au ataiita ya ajabu. Sijui kama Nairobi itakuwa yangu. Nimejiuliza nitafanya nini mtu akinyoosha mkono na kusema, huyu binti amezaliwaje?

Nitaangalia viti vya nyuma ukumbini, atakapokuwa amekaa Ammi. Akiitikia, nitawasha mada. Asipoitikia, nitamwambia aliyeuliza kwamba programu inalijua jibu. Lakini kwa vyovyote mstari wangu utakuwemo.